Kutafuta Merikani Mjini Salem: Shajara ya Siku Sita

Siku ya kwanza, 18 Septemba

Babu yangu mzaa baba alikuwa nahodha wa jahazi lililobeba karafuu kutoka Wete hadi Unguja, na tanga la jahazi lile lilishonwa kwa kitambaa kizito kisichopaushwa ambacho kila mtu nyumbani alikiita merikani. Nilipokuwa mdogo sikuwahi kuuliza jina hilo limetoka wapi, kwa kuwa kwetu lilikuwa jina kama chumvi au kamba. Baadaye nikawa mwalimu wa historia, na kwa miaka mingi niliandika ubaoni kwamba Sayyid Said bin Sultan alifunga mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, wanafunzi wakanakili, tukaendelea na somo, wala sikuuhusisha mkataba ule na tanga la babu. Nilikuwa nimeshastaafu nilipofahamu kwamba wengi wa Wamarekani waliokuja Unguja katika karne ya 19 walitoka katika mji mmoja mdogo wa pwani uitwao Salem, katika jimbo la Massachusetts.

Kwa hiyo mpwa wangu anayeishi Boston aliponialika na kuniuliza ningependa kuona nini kwanza, nilimtajia Salem. Alishangaa. "Shangazi, huko watu huenda kwa ajili ya wachawi," alisema. Nilimwambia kwamba wachawi nitawaona, lakini ninachokwenda kutafuta ni kitambaa.

Leo saa nne asubuhi amenipandisha treni katika kituo cha North Station, na safari imechukua kama nusu saa tu. Reli inapita kando ya vinamasi vya maji ya chumvi, na kwa kuwa maji yalikuwa yamekupwa, matope meusi yalikuwa wazi, na ile harufu ya pwani iliyoingia mlango ulipofunguliwa ningeitambua hata nikiwa nimefumba macho. Salem ni mji wenye wakazi zaidi ya 40,000, ulioanzishwa na walowezi wa Kiingereza mwaka 1626 mahali ambapo wenyeji wa asili walipaita Naumkeag. Jina hilo msomaji aliweke akilini, kwa sababu litarudi siku ya tano.

Mpwa wangu hakukosea. Kutoka kituoni hadi nyumba ya wageni niliyofikia, karibu na uwanja mpana wa majani uitwao Salem Common, nimepita maduka ya kofia ndefu nyeusi, mafagio, kadi za kutabiria na mishumaa ya rangi. Hata magari ya polisi yana picha ya mchawi aliyepanda fagio. Inasemekana mwezi Oktoba mji hujaa watu kiasi cha kukosa pa kukanyaga, na ndiyo maana nimechagua kuja Septemba. Jioni nimekula samaki wa kuoka, nikaswali, nikalala mapema.

Siku ya pili, 19 Septemba

Nimeitenga siku hii kwa ajili ya wale waliouawa hapa kwa kudaiwa kuwa wachawi, kwa kuwa niliona si adabu kupita mji huu nikitafuta habari za biashara kabla ya kwenda kuwazuru.

Mambo yalianza mapema mwaka 1692 katika Kijiji cha Salem, ambacho leo ni mji wa peke yake uitwao Danvers. Katika nyumba ya mchungaji Samuel Parris, binti yake na mpwa wake, wenye umri wa miaka 9 na 11, walianza kupatwa na vifafa na kupiga mayowe. Wakubwa walipowabana waseme ni nani anayewatesa, wanawake watatu wakatajwa: Sarah Good, ambaye alikuwa ombaomba, Sarah Osborne, ambaye alikuwa mgonjwa na hakuwa akionekana kanisani, na Tituba, mtumwa wa nyumba ileile ya mchungaji. Tazama ni akina nani waliotajwa kwanza. Baada ya hapo shutuma zilienea kama moto wa makuti, hata watu zaidi ya 150 wakashitakiwa, akiwemo Dorothy, binti wa Sarah Good, mtoto mwenye umri wa miaka 4 au 5, ambaye naye aliwekwa gerezani. Mahakama ilikubali ushahidi wa mizuka, yaani shahidi aliweza kudai kwamba kivuli cha jirani yake kilimjia usiku na kumkaba, na jirani hakuwa na njia yoyote ya kujitetea hata kama usiku huo alikuwa amelala kwake. Waliokiri waliachwa hai, na walionyongwa ni wale waliokana. Watu 19 walinyongwa, wanawake 14 na wanaume 5, na wengine wakafia gerezani.

Mzee Giles Corey, mkulima mwenye umri wa miaka ipatayo 80, alikataa kuijibu mahakama mashitaka. Alilazwa chini, akafunikwa kwa ubao, na juu ya ubao yakapangwa mawe mazito hadi akafa, tarehe kama ya leo, 19 Septemba 1692. Sikuwa nimekusudia kufika siku hiyo. Nimeligundua jambo hilo nilipoinama kusoma jina lake katika bustani ya kumbukumbu.

Bustani hiyo ilizinduliwa mwaka 1992, miaka 300 baada ya kesi, na imejengwa kwa namna ambayo sijaona mfano wake. Ni kiwanja kidogo kilichozungushiwa ukuta mfupi wa mawe makavu, na kutoka ukutani yamechomoza mawe 20 mapana kama mabaraza, kila moja likiwa na jina la mtu, namna alivyouawa na tarehe. Kwenye kizingiti cha kuingilia yamechongwa maneno ambayo washitakiwa walijitetea kwayo, lakini ukuta unayakata katikati, sentensi ikiwa haijaisha, kama walivyokatizwa wao wenyewe. Juu ya mabaraza watu walikuwa wameacha maua. Mama mmoja aliyekuja na mtoto wake alimwonya kwa sauti ya chini asikanyage, na mtoto akatii.

Ng'ambo ya ukuta ni makaburi ya zamani ya Charter Street, yaliyoanza kutumika mwaka 1637, na humo amezikwa John Hathorne, mmoja wa mahakimu waliowahoji washitakiwa. Kwa hiyo hakimu ana kaburi lenye jiwe na jina lake, ilhali waliohukumiwa hawakupewa makaburi ya heshima, na hadi leo wengi wao hawajulikani walizikwa wapi. Nimesimama hapo muda mrefu. Mimi natoka nchi ambayo, hasa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu, na macho yale yaliharibiwa na moshi wa kuni na wa samadi ya ng'ombe waliyopikia maisha yao yote. Siwezi kuisoma habari ya Salem kama hadithi ya watu wa kale wasiojua kitu. Mtu anayetajwa wa kwanza ni yuleyule, yaani mwanamke, maskini, mzee au mgeni, asiye na wa kumsemea.

Alasiri nimepita mbele ya nyumba ya hakimu Jonathan Corwin, jengo jeusi la mbao ambalo ndilo pekee mjini linalobaki lenye uhusiano wa moja kwa moja na kesi zile, kisha nikatembea hadi Proctor's Ledge, nyuma ya duka la dawa, katikati ya nyumba za watu. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba wafungwa walinyongwa juu ya kilima kilicho karibu, lakini mwaka 2016 watafiti walithibitisha kwamba mahali penyewe ni hapa chini, kwenye mteremko wa mawe, na mwaka uliofuata ukajengwa ukuta wa nusu duara wenye majina 19. Hakuna duka wala kiongozi wa watalii. Nilikuwa peke yangu, pamoja na mwanamume mmoja aliyekuwa akikata majani katika ua wa nyumba ya jirani.

Nimeandika pia katika daftari langu jina la hakimu Samuel Sewall, kwa sababu mwaka 1697 alisimama kanisani mbele ya watu wote wakati mchungaji akisoma ungamo lake la hatia. Mahakimu wa namna hiyo ni wachache popote.

Siku ya tatu, 20 Septemba

Leo nimekwenda baharini.

Gati la Derby, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 1762, linaingia baharini kwa urefu wa karibu mita 800. Siku hizi ni njia ndefu ya changarawe na majani, na mwishoni pana mnara mdogo mweupe wa taa uliojengwa mwaka 1871. Zamani gati hili lilipangwa maghala toka mwanzo hadi mwisho, na mtu aliyepita hapa, bila kuona lebo yoyote, angejua kwa pua tu meli imetoka wapi. Baada ya Marekani kujipatia uhuru, wafanyabiashara wa Salem walifungiwa milango ya makoloni ya Uingereza, wakalazimika kutafuta masoko ya mbali. Meli ya Grand Turk ya Elias Hasket Derby ilikwenda Canton, huko China, ikarudi mwaka 1787 na chai na vyombo vya kaure. Wengine wakaenda Sumatra kwa ajili ya pilipili manga. Kando ya gati imefungwa nakala ya meli ya Friendship ya mwaka 1797, yenye milingoti mitatu. Nimezikagua kamba zake, nikamkumbuka babu, ambaye angezishika moja moja kabla ya kutoa maoni.

Mbele ya gati, ng'ambo ya barabara, ndipo ilipo forodha, jengo la matofali la mwaka 1819 lenye ngazi pana na tai wa dhahabu juu ya paa. Eneo lote hili la bandari lilihifadhiwa na serikali ya Marekani mwaka 1938, likiwa eneo la kwanza nchini humo kupewa hadhi ya urithi wa kihistoria wa taifa. Ndani ya forodha pana mizani, vipimo vya ujazo, mihuri, na ofisi aliyofanyia kazi mwandishi Nathaniel Hawthorne kuanzia 1846 hadi 1849. Mwandishi huyu alikuwa wa ukoo wa yule hakimu niliyelikuta kaburi lake jana, na aliongeza herufi moja katika jina la ukoo wake.

Mhifadhi mmoja aliyevaa kofia ya ukingo mpana aliniuliza nimetoka wapi. Nilipotaja Zanzibar hakuniuliza ni nchi gani. Aliniongoza dirishani, akanionyesha gati, akasema kwamba meli za kwenda kwetu zilianzia hapo. Nakiri kwamba machozi yalinilenga.

Alichonieleza, pamoja na nilichokuwa nimesoma mwenyewe, ni hiki. Meli za Salem zilianza kufika Unguja katika miaka ya 1820, zikizunguka Rasi ya Tumaini Jema kwa safari ya miezi mitatu au zaidi. Zilileta kitambaa cha pamba, bunduki, baruti, waya wa shaba na samani, na kuondoka na pembe za ndovu, karafuu, ngozi, na zaidi ya yote sandarusi. Vijana wetu wengi hawaijui tena sandarusi. Ni utomvu wa miti ya kale uliogandamana ardhini, ambao watu wa Mrima waliuchimba mchangani kwa majembe, na mabaharia wa Salem waliununua kwa wingi kwa sababu ulitengenezewa vanishi bora kabisa ya kupaka magari ya farasi na samani. Ililetwa ikiwa bado na udongo, ikaoshwa hapahapa Salem katika kiwanda maalumu. Nimewaza kwamba huenda viti na meza zinazong'aa katika nyumba za kale za mji huu zilipakwa udongo wa Bagamoyo uliosafishwa.

Mkataba wenyewe ulitiwa saini Maskati tarehe 21 Septemba 1833, kati ya Sayyid Said na mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts, ambaye alikuwa mfanyabiashara wa jimbo jirani la New Hampshire. Ushuru wa bidhaa zinazoingia uliwekwa kuwa asilimia 5, na Wamarekani wakaruhusiwa kufanya biashara katika bandari zote za Sultani. Mwaka 1837 Richard P. Waters wa Salem akafika Unguja kuwa balozi mdogo wa kwanza wa Marekani, huku akiendesha biashara zake mwenyewe. Miaka mitatu baadaye Sayyid naye akaituma meli yake, Sultana, hadi New York, ikiongozwa na Ahmad bin Naaman na kubeba karafuu, pembe, kahawa na tende. Katika darasa langu niliwahi kuyasema haya yote. Lakini sikuwahi kusimama mahali ambapo mtu angeweza kuonyesha kwa kidole na kusema kwamba ilikuwa hapa.

Nilirudi gatini jua lilipokuwa likizama, nikatembea hadi kwenye mnara wa taa na kugeuka. Upepo ulikuwa wa baridi kuliko nilivyotarajia.

Siku ya nne, 21 Septemba

Mvua tangu alfajiri. Nimekwenda Jumba la Makumbusho la Peabody Essex, ambalo kiini chake ni chama cha manahodha kilichoanzishwa mwaka 1799. Mwanachama hakukubaliwa mpaka awe ameongoza meli, au kusimamia shehena yake, kupita Rasi ya Tumaini Jema au Rasi ya Horn, na alitakiwa kurudi na vitu vya ajabu alivyoviona huko kwa ajili ya hazina ya chama. Ukumbi wao wa mwaka 1825 bado upo ndani ya jumba, na kuta zake zimepambwa kwa sanamu za mbao zilizokuwa zikiwekwa mbele ya meli.

Kitu kilichonishika zaidi ni nyumba nzima ya familia ya Kichina, yenye vyumba 16 vya kulala, iliyokuwa katika kijiji kimoja cha eneo la Huizhou kwa takriban miaka 200 kabla ya kufunguliwa tofali kwa tofali na kusimamishwa tena hapa mwaka 2003. Nimekaa katika ua wake nikitazama mvua ikidondoka kwenye vidimbwi vya mawe.

Kuhusu Zanzibar, nilielekezwa kwamba barua na vitabu vya safari vya wafanyabiashara wa Salem viko katika Maktaba ya Phillips, ambayo ni mali ya jumba hilihili lakini iko Rowley, kilomita kadhaa kaskazini. Nimeomba nafasi ya keshokutwa na nimekubaliwa.

Siku ya tano, 22 Septemba

Mvua imekatika, na leo nimekwenda kukitafuta kitambaa.

Kusini mwa katikati ya mji, kwenye ncha ya ardhi inayoingia bandarini, palianza kufanya kazi mwaka 1847 kiwanda cha nguo kilichoendeshwa kwa mvuke, kilichopewa jina la kale la mahali hapa, Naumkeag. Baadhi ya wafanyabiashara waliokuwa na meli Unguja walikuwa pia na hisa humo, nayo sehemu ya kitambaa chake ikapelekwa pwani yetu, pamoja na kile cha viwanda vikubwa zaidi vya mji wa Lowell. Watu wa kwetu walikipenda kwa sababu kilikuwa kizito, hakikujazwa wanga kama vitambaa vya bei rahisi, na kilidumu. Bara, mapande yake yalikuwa kama fedha, kwani msafara usio na merikani haukupata chakula wala ruhusa ya kupita. Kikitiwa nili kilikuwa kaniki.

Kiwanda cha kwanza hakipo tena. Tarehe 25 Juni 1914 moto mkubwa uliteketeza majengo zaidi ya 1,300 ya Salem, kiwanda kikiwemo, na kilichojengwa upya kilifungwa mwaka 1953. Majengo hayo mapya ya zege na madirisha mengi sasa ni ofisi. Mtaa unaoyazunguka, uitwao The Point, ulikuwa makazi ya wafanyakazi wa kiwanda waliotoka Kanada wakizungumza Kifaransa, na leo wakazi wake wengi wana asili ya Jamhuri ya Dominika. Nimesikia Kihispania kila kona, nimeona michoro mikubwa ya rangi kwenye kuta za nyumba za matofali, na katika duka dogo nimenunua ndizi za kupika, jambo lililonifurahisha kuliko nilivyoweza kumweleza muuzaji.

Nimekaa ukingoni mwa bandari nikafikiri kuhusu pamba yenyewe. Haikuota Massachusetts. Ilitoka majimbo ya Kusini, ambako ilipaliliwa na kuchumwa na Waafrika waliokuwa watumwa. Ililetwa hapa, ikasokotwa na kufumwa, ikapakiwa melini, ikateremshwa Unguja, na huko ikanunua pembe zilizobebwa mabegani na wapagazi, wengine wakiwa watumwa, na karafuu zilizochumwa na watumwa katika mashamba ya Unguja na Pemba, na mara nyingine ikawanunua watu wenyewe. Balozi Waters alikuwa mtu wa dini aliyechukia utumwa, na mshirika wake mkubwa katika biashara alikuwa Jairam, mkuu wa forodha ya Sultani, ambaye alitoza ushuru kwa kila kichwa cha mtumwa aliyeshushwa Unguja. Sisemi hivi ili kumshitaki mtu aliyekwisha kufa. Nasema kwa sababu tanga la babu yangu lilikuwa kitu cha fahari kwetu, na sasa jina lake limenijia na mzigo wake wote.

Kwa bahati njema mji huu una watu wengine wa kukumbukwa. Mchana nimekwenda Chestnut Street, mtaa wa majumba ya manahodha matajiri wenye njia za matofali na miti mirefu, hadi Hamilton Hall, ukumbi wa mwaka 1805. Hapo John Remond, mtu mweusi huru aliyezaliwa Curaçao, aliandaa karamu za matajiri kwa miaka mingi, na watoto wake Charles na Sarah wakawa wasemaji hodari wa kupinga utumwa. Mwaka 1853 Sarah Parker Remond alinunua tikiti ya onyesho la opera mjini Boston, akaambiwa akakae upande wa weusi, akakataa, akasukumwa ngazini. Alishitaki na akashinda. Mwaka 1859 alikwenda Uingereza na kuwahutubia watu wa Manchester, mji ulioishi kwa pamba, akiwaeleza pamba ile ililimwa na nani. Alilelewa mwendo wa dakika chache kutoka kwenye gati ambalo merikani ilipakiwa, na aliona kile ambacho wenye meli hawakutaka kukiona.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilikata pamba, merikani ikaadimika Unguja, na vitambaa vya Uingereza na India vikachukua nafasi yake. Meli ya mwisho kuingia Salem kutoka Zanzibar ilifika mwaka 1870. Jina tu ndilo lililobaki kwetu, likapewa kitambaa chochote cha aina ile, na karibu ni hakika kwamba tanga la babu halikufumwa hapa.

Kabla ya kurudi nimeingia maktaba ya mji, katika jumba kubwa la matofali lililokuwa makazi ya nahodha John Bertram, mmoja wa wafanyabiashara wakubwa wa Salem waliochuma Zanzibar, aliyefariki mwaka 1882. Warithi wake waliutoa mjengo huo ili uwe maktaba ya umma. Watoto walikuwa wameketi sakafuni wakisoma. Mali ya pembe na sandarusi iko pale, na mtu yeyote anaweza kuingia bila malipo.

Siku ya sita, 23 Septemba

Treni ya asubuhi imenifikisha Rowley. Maktabani nimeacha mkoba na kalamu ya wino kwenye kabati, nikaruhusiwa kuingia na penseli, karatasi na miwani. Mkutubi, kijana mwenye sauti ya upole, ameniletea sanduku la kijivu lenye barua za wafanyabiashara wa Zanzibar, akanionyesha namna ya kugeuza karatasi bila kuzikunja.

Saa ya kwanza sikusoma chochote cha maana. Mwandiko ni mwembamba na umelala, wino umegeuka rangi ya kahawia, na Kiingereza chao si kile nilichokizoea. Kisha jicho likaanza kuzoea. Katikati ya sentensi ya biashara, kati ya idadi na bei, nikaliona neno ambalo halikuwa la Kiingereza: frasila.

Nimeliangalia mara tatu ili nihakikishe. Baba yangu alipima karafuu kwa frasila. Nilipokuwa msichana nilijua ni kiasi gani, kwa sababu nilikaa juu ya magunia nikingoja zamu yetu kwenye mizani, na aliporudi nyumbani jambo la kwanza mama alilouliza ni frasila ngapi. Na hapa, katika chumba chenye baridi upande wa pili wa dunia, mtu wa Salem alilazimika kulitumia neno letu kwa sababu bila hilo asingenunua kitu. Sisi tuliipa nguo jina la nchi yao, nao wakapima kwa mzani wetu. Baada ya hapo nimelikuta neno hilo karibu katika kila barua, limeandikwa kwa tahajia tofauti tofauti.

Mkutubi aliniona nikitabasamu, akaja kuuliza kama nimepata nilichokitaka. Nikamwonyesha. Alisema amekutana nalo mara nyingi, anajua kwamba ni kipimo, lakini hajawahi kusikia likitamkwa. Nikalitamka. Akalirudia, mara ya kwanza vibaya, mara ya pili vizuri. Akaniomba nimwandikie uzito wake, na kwa penseli, pembeni mwa karatasi yangu ambayo nimemwachia, nimeandika: frasila moja ni ratili 35.